Keki Nyeusi ya Chepngeno

Karibu na Litein, mwaka wa 1956, Chepngeno alitaka keki ya arusi ya bintiye itoke kwenye bati bila kubomoka. Kanisani walifundishwa kupaka mafuta, kisha kunyunyiza unga. Unga ulikuwa umeisha, basi akanyunyiza makaa yaliyosagwa ya mti wa senetwet, jinsi alivyopaka ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha. Siku hizo kila nyumba ilikuwa na kibuyu, si majerikeni haya ya leo. Keki ikatoka nzima, imenyooka pande zote, nyeusi tititi.

"Mama, tutaificha wapi?" binti akauliza.

Lakini wageni walikuwa wameshafika, na mama wa bwana arusi alikuwa ameshakata kipande, anatafuna polepole.

"Ina harufu ya mursik," akasema. "Kumbe tunaoa kwa watu hasa."

Wageni wakanyoosha mikono.