Hitma ya Mtu Aliye Hai

Makapi ya mkonge yakivunda hutoa harufu nzito ya uchachu, kama ndoo ya pumba iliyosahaulika juani, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya uongo wa ukoo wetu. Niliinusa kwa mara ya kwanza Mnyuzi, likizo ile nikiwa na miaka kumi na mmoja, nimekumbatia daftari lililofunikwa kwa gazeti na nailoni. Nilikuwa mtoto wa kuchosha. Nikikosea herufi moja nilichana karatasi nzima nikaanza upya, na nikizuiwa kuanza upya nililia. Watu wazima waliita hiyo akili. Ilikuwa hofu tu, na bado ninayo.

Kazi ya daftari lile alinipa Baba Mkubwa, kaka yake baba. Mtaani kwetu Masuguru, pale Korogwe mjini, wazee walikuwa wameamua kuwaenzi wanajeshi wa zamani, na kila familia iliyowahi kutoa askari iliombwa kuandika historia yake, isomwe na mwanafunzi mbele ya watu. Baba Mkubwa, ambaye hajawahi kubeba kitu kizito kuliko mwavuli, akagundua ghafla kwamba ana damu ya kijeshi. Alikaa kibarazani akichokonoa meno, akanisomea maneno ya kuandika: Babu Mhina, mdogo wake babu yetu, alikwenda vita vya Kagera na hakurudi, akamwaga damu yake ili sisi tuishi kwa amani. "Kwa wino," aliniambia. "Penseli ni ya watoto." Niliandika kwa wino wa bluu, pambizo nikaipiga kwa rula kwa wino mwekundu, bila kosa hata moja. Ulikuwa ukurasa mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Niliutazama mpaka chai yangu ikapoa.

Kilichonikera ni nafasi moja tupu, ya mwaka wa kuzaliwa. Nilimsumbua Shangazi mpaka akakubali kunichukua alipokwenda Sindeni kumwona Bibi, mjane wa babu yetu. Tulimkuta anapepeta mahindi. Nikamwamkia, nikafungua daftari, nikamuuliza Babu Mhina alizaliwa mwaka gani.

"Kamuulize mwenyewe," alisema. "Yuko Mnyuzi na nyanya zake."

Nilidhani uzee umemchanganya. Shangazi akainamisha uso, akaanza kuokota punje zilizoanguka, ambazo kwa kawaida angewaachia kuku. Bibi akaendelea kupepeta huku akieleza, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Vita vilipokwisha wenzake Mhina walirudi, yeye hakurudi, na barua hazikuja. Askari mmoja wa kijiji cha jirani akasema alimwona akianguka. Ukoo ukasubiri, ukachoka kusubiri, ukasoma hitma. Baada ya hitma shamba lake la michungwa likagawanywa, na sehemu kubwa akapata kaka yake, yaani babu yetu. Kisha siku moja Mhina akatokea barabarani anachechemea. Alikuwa amelazwa hospitali ya mbali miezi mingi. Walilia kwa furaha, wakachinja mbuzi, wakamlisha mpaka akashindwa kusimama, na hakuna aliyetamka neno michungwa. Alisubiri msimu mmoja wa mavuno, akaona machungwa yanachumwa na wengine, akaenda Mnyuzi kukata mkonge. Tangu hapo, kwa watu wa nje, sisi tuna shujaa aliyefia vitani. Wengine hunyang'anya ardhi kwa mapanga. Sisi tulitumia dua, halafu tukaona haya kuitengua.

Shangazi alinipeleka Mnyuzi kwa sababu nilikataa kula. Babu Mhina alikuwa anafunga vijiti vya nyanya kwa nyuzi za mkonge, mguu mmoja umenyooka kama si wake.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mke wangu. Mbona umechelewa kunizika?"

Alinitaka nimsomee. Nikasoma. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema mwandiko ule ungekuwa wa polisi ungemtia mtu ndani. Kisha akaweka kidole chenye udongo chini ya neno "hakurudi", bila kuligusa.

"Hapa futa. Andika nilirudi. Mengine yaache, hata hiyo damu, kidogo ilimwagika."

Nilimwahidi. Nilimwahidi kwa moyo wangu wote, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiria jinsi mstari wa wino utakavyokaa juu ya neno lile kama kovu. Kuchana ukurasa sikuweza, lilikuwa daftari la kushonwa na upande wa pili ungelegea. Baba Mkubwa nilipomwambia alijibu, "Usiharibu kazi nzuri." Hakunitisha. Hakuhitaji. Ningependa kuandika kwamba nilimwogopa. Ukweli ni kwamba niliupenda ukurasa wangu kuliko mtu.

Siku ya shughuli nilisoma "na hakurudi" kwa sauti safi, nikapigiwa makofi, na Baba Mkubwa akajifuta macho makavu kwa leso. Mshereheshaji akaomba tusimame kimya kuwakumbuka waliofia vitani. Ndipo nikamwona nyuma kabisa, karibu na masufuria ya pilau. Alikuwa amevaa koti. Alivua kofia, akasimama kwa mguu wake mzima, akajikumbuka pamoja nasi. Baadaye alinipita getini. "Umesoma vizuri, mke wangu," alisema. "Hata mimi nimejihurumia." Hakunitania tena hadi alipokufa.

Sasa nina miaka ishirini na minne. Historia sikuisomea, najifundisha mwenyewe, na nazunguka Korogwe na Handeni nikiandika habari za wanajeshi wa zamani kutoka kwa watoto na wajukuu wao. Swali langu la kwanza si alipigana wapi. Nauliza: yuko hai? Watu hucheka, halafu baadhi huacha kucheka. Babu Mhina tulimzika Mnyuzi mwaka juzi. Baba Mkubwa hakufika, mgongo ulimsumbua, mgongo ule ule unaopanda ngazi za jukwaa bila shida. Mwezi uliopita alinipigia simu. Shughuli ya mashujaa imerudi.

"Ile historia yako ya zamani unayo?"

"Ninayo, Baba Mkubwa. Ina uongo."

"Uongo gani? Mzee si ameshafariki? Basi sasa iko sawa. Piga picha unitumie."

Nilifungua daftari. Wino haukuwa umefifia. Nikakata neno "hakurudi" kwa kalamu nyeusi, nikaandika juu yake "alirudi, akakuta tumegawana michungwa yake". Wino ukasambaa, mstari ukaingia pambizoni. Nikapiga picha, nikatuma. Jibu lilikuja kabla sijafunga kalamu.

"Mbona umeichafua? Huna nyingine safi?"