Onesmus Hakutaka Kukimbia Tena

Nimekaa na simu mkononi tangu asubuhi na sijui nianzie wapi. Onesmus wetu ameenda. Presha ilimshika Jumapili akitoka kanisani, na kufika jioni hakuwa nasi.

Kwa wale hamkumjua kwa jina, ni yule soja mnene, mlinzi wa geti, wa ile komedi tulishuti Dandora. Yule anakimbiza wezi na rungu, na kila mara anashika mtu asiyehusika.

Mimi nilikuwa mtu wa costume. Lile koti lake la kijani nililitoa kwa mitumba ya Gikomba, na alilivaa kama amezaliwa nalo.

Wiki nzima alikuwa storekeeper kwa godown moja ya mizigo Industrial Area. Wikendi anaruka mitaro. Hakuwa na mtu wa kuruka kwa niaba yake, na hatukujua hata kama waigizaji wengine huwa nao.

"Shiro, kuanguka ni kazi ya makalio," aliniambia. "Uso ukitangulia, hiyo si komedi, hiyo ni ajali."

Ile picha watu waliipenda. Watoto wa Kariobangi walikuwa wanamfuata hadi dukani wakimwambia awakamate, na yeye anajifanya kuchomoa rungu.

Wangeachia hapo.

Lakini prodyusa wa ile komedi akarudi miaka mingi baadaye, na drone na wazo la part two. Onesmus alikuwa ashapita sitini, ngazi anapanda akishika ukuta.

Alisomea skripti kwangu, akaifunga kabla chai ipoe. Mzaha wote ulikuwa mmoja tu: amezeeka. Anahema, suruali inapasuka, anasinzia kazini, anatongoza msichana wa umri wa mjukuu wake na kuchapwa kofi.

Alimwendea prodyusa kwa heshima, nikiwa hapo. "Kijana wangu, niache niwe mzee kweli. Soja mzee hakimbii. Anajua mwizi atapitia wapi, anaenda kumngojea."

"Mzee, watu wanataka action," prodyusa akajibu, macho kwa simu.

Basi akakubali hivyo hivyo, wakampaka nywele rangi nyeusi ya bei rahisi. Jua likiwaka inateremka shingoni, mimi nafuta na kitambaa huku ndani nachemka.

Siku ya kushuti akiruka mtaro nilimwambia akatae. Akasema ashatoa neno lake. Akaruka, goti likakataa, akaenda chini na uso.

Hakuna mtu alisema cut. Crew ilikuwa inacheka. Prodyusa akaangalia monitor akasema, "Hiyo imetoka poa, inabaki," hata kabla tumwinue.

Dispensari nilimpeleka mimi. Mkono ulikuwa umevunjika. Zile scene zilizobaki alishuti ukiwa umefichwa ndani ya koti.

Premiere ikawa social hall ya mtaa. Mwanzo watu walishangilia kumwona tu. Baadaye wengine wakaanza kutoka nje kununua soseji za smokie.

Halafu ikafika ile ya kuanguka. Wachache walicheka. Wengi waligeuka kumwangalia pale alipokaa, akisugua ule mkono ambao haukuwahi kunyooka sawasawa. Mkewe, Mama Ndinda, aliinuka akatoka.

Mwishoni MC akampa maiki. Nilidhani atashukuru wadhamini.

"Hii picha ni mbaya," akasema, pole pole. "Nyinyi mmeona na mimi nimeona. Sasa kaeni kidogo niwaonyeshe vile ingekuwa."

Akavuta kiti katikati ya jukwaa, akakaa, akaanza kumenya chungwa ambalo halipo. Anakula kipande, anasikiliza. Unaona kabisa mwizi anakuja nyuma yake. Hageuki. Anatema mbegu, ananyoosha mguu mmoja tu pale mwizi anapita, anaendelea kula.

Sijawahi kusikia ile hall ikicheka namna hiyo. Mama Ndinda alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, anacheka hadi anajifuta macho na leso.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho, na ndiyo bora kuliko zote. Hakuna aliyeirekodi.

Sasa sikieni kinachonichefua. Jumatatu yule prodyusa alipost kumbukumbu. Picha zote alizo nazo za huyu mtu, na akachagua clip ya kuanguka. Juu yake ameweka mshumaa na neno "Legend".

Jana akakuja Umoja, kwa nyumba ya marehemu, tukiwa kwa mkutano wa mazishi. Anataka familia imkubalie part three. Eti ana vipande vya video vilibaki, na mtu mwingine atavaa koti ashutiwe kwa mgongo, uso usionekane. Aliyasema hayo mjane akiwa ameketi pale pale, bado hajazika.

Mama Ndinda hakupandisha sauti. "Mume wangu alianguka mkacheka. Akawaambia ni mbaya, hamkusikia. Sasa mnataka mgongo wake? Hapana. Kunywa chai uende."

Hakunywa. Alitoka bila hata kutuambia pole, na sisi tukaendelea kupanga gari la kumpeleka kwao Machakos.

Clip bado iko na likes zinapanda. Ikikufikia, tafadhali usiitume mbele. Kama ulimpenda, itafute ile komedi ya kwanza uitazame na watoto wako.

Ones, rafiki yangu, Jumamosi tutakusindikiza nyumbani. Suti yako nimeipiga pasi mwenyewe, sikumwachia mtu.

Sasa lala vizuri. Hakuna mtu atakuambia urudie.