Hadithi ya Chura Mbele ya Jopo

Mwaka ule nilikuwa na kazi mbili, na jamaa zangu hawakuelewa hata moja. Siku za wiki nilikuwa wakili wa wakimbizi, katika ofisi ya orofa ya tatu huko River Road. Jumamosi nilirudia elimu yangu ya kwanza, anthropolojia: nilizunguka na kinasa sauti nikikusanya hadithi ambazo watu walikuwa wamehama nazo kutoka kwao. Dada yangu, tuliyekuwa tukiishi naye Kileleshwa, alisema mimi hulipwa kusikiliza watu, lakini nikiitwa kuosha vyombo sisikii.

Jumamosi moja nilikutana na mama mmoja wa Kinoo. Alikuwa ametoroka mashariki ya Kongo baada ya mumewe kusingiziwa kwamba anawapelekea waasi habari, akauawa. Sasa aliuza maandazi kando ya Waiyaki Way. Aliniita "Metre", jinsi wanavyomwita wakili kwao kwa Kifaransa, na wateja wake, waliosikia "mita", wakadhani mimi ni fundi wa nguo. Alinisimulia hadithi nne, watoto wa jirani zake Wakongo wakimwitikia. Baada ya ile ya nne akanipa barua iliyokunjwa mara nyingi. Ilikuwa ya Kiingereza, lugha asiyoijua. Alichoambiwa tu ni kwamba ombi lake la hifadhi limekataliwa.

Jumatatu niliomba kuliona faili lake. Alikuwa amehojiwa kwa Kiswahili bila mkalimani, kwa kuwa yeye na aliyemhoji wote walikijua. Sababu ya kukataliwa ilikuwa hii: mwombaji mwenyewe alikiri kwamba waliomshtaki mumewe walisema "bongo", yaani walikuwa watu wenye akili, wanaojua wanachosema. Nilisoma mara tatu. Mjane gani huwasifu waliomuua mumewe? Nikapanda boda boda hadi Kinoo nikamuuliza alisema nini hasa siku ile.

"Nilisema bale bantu balisema bongo," akajibu huku akigeuza maandazi. "Bongo, Metre. Uongo. Ninyi munaitaje?"

Nilisimama pale na kofia ya boda boda kichwani. Kwetu Nairobi mwenye bongo ni mwerevu. Kwao bongo ni uongo mtupu. Nilipomweleza, hakucheka. Aliketi juu ya kreti akasema taratibu kwamba muda wote huo kuna karatasi mjini inayosema aliwasifu watu wale. Nikamshika mkono. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kinampanda. Tulicheka mpaka maandazi yakaungua.

Rufaa ilisikilizwa na jopo la watu watatu. Niliwapa kurasa kumi na moja kuhusu Kiswahili cha Kongo, nilizoziandika kwa fahari kubwa. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani mizito, alizifunua zote kisha akauliza swali moja tu: atajuaje kwamba maana hiyo haikubuniwa kwa ajili ya rufaa?

Ni swali nililokuwa nikiliombea. Nilikuwa nimemrekodi mama akisimulia kabla yeyote kati yetu hajajua kilichomo ndani ya faili. Nikabonyeza kinasa sauti. Ikaja sauti yake, ikisimulia habari za chura aliyekwenda kuposa akawaambia wakwe zake kwamba mto wote ni mali yake. Watoto wakaitikia kwa pamoja: "Bongo!" Halafu malori ya Waiyaki Way yakafunika kila kitu.

Mama, aliyeketi kando yangu, akaomba amalizie mwenyewe. Mwenyekiti akaniangalia, nikamwangalia yeye, akakubali kwa kichwa.

Akasimama. Chura, akasema, aliwaambia wakwe zake kwamba mvua hainyeshi mpaka aiite. Kisha akanyamaza, kwa sababu hadithi hiyo haiendelei isipoitikiwa. Akamkazia macho mwenyekiti. Mjumbe wa kike aliyekaa kushoto kwa mwenyekiti akasema kwa sauti ndogo, "Bongo." Mama akaendelea. Chura akasema mamba ndiye mlinzi wake wa mlangoni. Safari hii waliitikia wote watatu, na karani aliyekuwa akipiga chapa akawa wa nne. Mimi nilikuwa nauma kalamu nisije nikapiga makofi.

Mwenyekiti alirekebisha tai yake, akauliza kama chura alioa.

"Alioa," mama akasema. "Ila balimupa nyumba ndani ya mutungi."

Wiki tatu baadaye uamuzi ulitoka. Alikuwa amekubaliwa. Nilimsomea ofisini nikimtafsiria neno kwa neno, naye akanirudisha nyuma kila mara, kama mtoto anayetaka sehemu tamu irudiwe. Tuliposhuka barabarani akapiga vigelegele katikati ya River Road, na mwanamke aliyekuwa akiuza soksi akamjibu bila kujua kisa. Mwenye duka la nati na misumari akatoka kuuliza ni nani anaolewa.

"Mimi," mama akasema, akaendelea na safari yake.

Alitaka barua ya uamuzi ifunikwe plastiki pale pale. Nilimsihi asiifunike, maana ofisi nyingine hukataa barua halisi iliyofunikwa; tukabishana kutoka duka hadi duka, mwishowe akakubali nakala ndiyo ifunikwe. Akaibeba kifuani upande ulioandikwa ukitazama mbele, wapita njia wapate kusoma.

Kinoo, majirani walikuwa wamekwisha kusikia. Mmoja alileta kinu, mwingine majani ya muhogo, na mama akaamuru nivue koti na viatu nitwange sombe, mboga ya majani hayo. Nilitwanga vibaya. Majani yaliruka hadi kwenye nywele za watu, na kila mtu alikuwa na ushauri wa jinsi ya kushika mchi. Hatimaye mama akaninyang'anya, akasema Metre abaki na sheria zake, akanionyesha mahali pa kukaa.