Mabenchi ya Gati yanapeana mgongo

Saa mbili asubuhi, kwenye ofisi ya kata huko Issenye, Gati Nchagwa anavuta mabenchi mawili mpaka yanakaribiana. Moja linatazama mlango, jingine linatazama ukuta.

"Leo tena wanakuja wakwe," anasema huku anacheka.

Gati ni mkulima na mfugaji, na ni mjumbe wa baraza la kata. Mgogoro wa ardhi lazima upitie kwao kwanza. Wakishindwa kuusuluhisha, ndipo unakwenda baraza la ardhi la wilaya, Mugumu.

Mtindo huu wa mabenchi ulianza kiangazi kilichopita. Mjane mmoja, Mokami, alimshtaki barazani mkwewe Waitara, mume wa binti yake. Waitara alinunua shamba la jirani, akazungushia uzio, akaziba njia ya ng'ombe wa mama mkwe kwenda lamboni. Mokami hakuwa na njia nyingine, na ng'ombe walikuwa wanakonda.

Siku hiyo Gati alichelewa kidogo. Katibu Salvatori, mgeni kutoka mkoa mwingine, alikuwa amewakalisha wawili hao uso kwa uso. Waitara akainamisha kichwa, kila akiulizwa kimya.

"Nikajua ni kiburi," anasema Salvatori. "Nilishashika kalamu niandike kwamba usuluhishi umeshindikana."

Gati alipoingia tu akashika kichwa. "Wee mwanangu! Kwetu mwanaume hamwangalii mama mkwe usoni. Ataongeaje?"

Mabenchi yakageuzwa. Wakapeana mgongo.

"Shikamoo mama," Waitara akauambia ukuta.

"Marahaba. Mbona umewanyima ng'ombe wangu maji?"

"Mama, walimaliza mtama wangu."

"Na unawajua ni ng'ombe gani? Ni wale wale uliowaleta wewe, mahari ya binti yangu! Sasa unawaua kwa kiu?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Waitara naye akacheka mpaka akapangusa macho.

"Basi mama, nafungua. Ila wapite na mchungaji, wasiingie kwenye mtama."

"Nitawachunga mwenyewe. Fungua leo, usiseme kesho."

Wakakubaliana njia ipite pembeni mwa shamba, na Waitara apande katani kuzuia ng'ombe. Mokami akaweka dole gumba, Waitara akasaini. Mugumu hawakwenda.

Mpaka leo, anasimulia Gati, ng'ombe wakikaribia, Waitara anafungua lango na kuwageuzia mgongo. Mama mkwe anapita na fimbo yake. Wanasalimiana hivyo hivyo, kila mtu anaangalia kwake.

"Ng'ombe wamenenepa, na mmoja amezaa," anasema Gati.

Nje sauti zinasikika; wakwe wa leo wamefika, tayari wanabishana. Gati anapangusa vumbi kwenye mabenchi kwa kanga yake.

"Natamani ufike mwaka kata nzima ikose ugomvi," anasema. "Mabenchi haya nitayaazimisha kwenye harusi."

Kisha anakwenda mlangoni kuwapokea, mmoja mmoja.