Hatua Tatu Kutoka kwenye Waya

Nikisikia mtu akiisifu biashara yetu, hasira hunipanda. Mimi ndiye niliyeikuza, na mimi ndiye ninayejua imekula nini.

Ilianza kwa sababu nyumba yetu ya mabati hapa Kitengela ilikuwa tanuri. Mama alishona pazia la kukunja, na upande wa dirishani akabandika karatasi ya rangi ya fedha inayong'aa ili jua lirudi lilikotoka. Chumba kikapoa. Mwalimu aliyepanga jirani, mtu wa magharibi mwa Kenya asiyezoea jua letu, akaomba lake. Halafu jirani yake. Baba akauza ng'ombe waliosalia baada ya kiangazi, tukanunua cherehani ya pili.

Bila mifugo, Baba alizunguka uani kama mgeni. Mama akampa kazi ya ukaguzi. Gundi ikipakwa vibaya, karatasi hufanya malengelenge ambayo hayaonekani kivulini. Kwa hiyo kila pazia lilitundikwa kwenye waya wa kuanikia nguo, upande unaong'aa ukikabili jua, na Baba akasimama hatua tatu mbele yake akilitazama bila kupepesa. Lengelenge dogo kama punje ya mtama halikumpita.

Nilimnunulia miwani ya jua, akaicheka. "Hii macho ilikuwa inaona simba kabla ng'ombe ijue. Sasa nivalie kitambaa miwani?"

Sikusisitiza. Nitasema ukweli: niliipenda hadithi hiyo. Niliwaambia wateja kwamba kila pazia letu limepita machoni pa mchungaji, wakafurahi, wakaagiza zaidi. Shule moja ya Isinya, ofisi kadhaa za Kajiado, mtaa mzima wa nyumba mpya. Kutoka mapazia mawili kwa siku tukafika thelathini, na yote thelathini yalimrudishia Baba jua usoni. Mimi nilikuwa kivulini, kwenye simu, nikipokea oda.

Mwaka jana alianza kumwaga chai nje ya kikombe. Nilimpeleka hospitalini Kajiado. Daktari alimulika macho yake kwa muda mrefu, kisha akamuuliza, "Mzee, unafanya kazi gani?"

"Mimi ndio naangalia pazia," Baba akajibu kwa fahari. "Zote."

Daktari alinitazama mimi. Alisema jua limeyaunguza macho kwa ndani, kwamba hakuna miwani wala upasuaji utakaorudisha kilichoungua, na kidogo kilichobaki kitakwisha.

Tulimwomba apumzike. Akauliza kama tumepata mtu mwenye macho mazuri kuliko yake. Mama alilia, akaniambia nimwache, maana tukimnyang'anya na kazi hiyo atabaki na nini? Siku hizi tunakagua wenyewe asubuhi, tukivaa miwani ile ile aliyoikataa, kisha tunamtundikia mapazia yakiwa yamegeuzwa, mgongo usiong'aa ukimwelekea. Hajawahi kuuliza.

Jana nilichelewa. Nilipotoka na mapazia begani, Baba alikuwa ameshafika mahali pake, hatua tatu kutoka kwenye waya, uso ameuinua. Waya ulikuwa mtupu.

Akakaza macho kama anavyofanya akikagua. Halafu akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Hii iko sawa," akasema. "Peleka."

"Sawa, Baba."

Akarudi nyuma kidogo, akakunja mikono, akasubiri nimtundikie la pili.