Simukadi Isiyoshikika ya Mukansanga

Mukansanga anauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, Bukavu tangu batoto wake hawajaota meno. Kila asubuhi, kabla ya kuvuka daraja la Rusizi kuingia Congo, anatoa simukadi ndani ya telefone na kuifunga kwenye pindo la kitenge. Ng'ambo wakikupokonya telefone, namba inabaki yako. Ni yeye aliyetufundisha sisi wauza samaki wote. Muntu wa namna hiyo humudanganyi.

Binti yake Uwineza alikuwa Kampala, mimba yake ya kupasuliwa, na alitaka mama awe naye kabla hajaingizwa chumba cha kupasulia. Mimi nikakubali kumusindikiza. Uwineza akatuma neno: Maman apite kwa Néhémie, muuza simukadi wa kwetu Kamembe, amuwekee eSIM ya intaneti inayoshika mpaka Uganda, tusipotezane njiani.

Néhémie akabonyeza-bonyeza, akarudisha telefone.

"Tayari, Maman."

"Iko wapi?"

"Imo ndani."

"Nipe niishike."

"Haishikiki. Hii haina kadi."

"Weye Néhémie, mie nauza samaki. Nimeshawahi kukuambia samaki wako wamo ndani ya beseni, ila hawaonekani?"

Néhémie alicheka peke yake.

"Itoe. Itakula namba yangu. Nitanunua ya Uganda mpakani, yenye kushikika."

"Namba yako inabaki, Maman. Na hii ni Uwineza mwenyewe ameituma."

Kwa ajili ya binti, akaiacha. Lakini mpaka Kigali aliishika ile telefone mbali na mwili, kama inaweza kumuuma.

Gatuna, mpakani mwa Uganda, mkono wake ukafanya ulichozoea: akatoa simukadi yake, akaifunga kwenye kitenge. Mwanamke mmoja akatuletea za Uganda, akaomba alama ya kidole ya kuziandikisha.

"Kidole changu unakitakia nini?" Akamufukuza.

Tukapanda basi.

"Sasa Uwineza atatupata wapi?" nikamuuliza.

"Ana akili, atatupata." Lakini sauti ilikuwa imepungua.

Tulipopita Mbarara telefone ikalia. Simukadi iko kwenye kitenge! Ni ile eSIM; hiyo hakuwa na namna ya kuitoa. Uwineza alikuwa anapiga kwa WhatsApp.

"Maman, musiende kule nilikowaambia. Wamenihamisha hospitali. Ni leo, si kesho!"

Akataja mahali, nikamuambia dereva atushushe karibu yake.

Tulimukuta yuko tayari juu ya kitanda cha magurudumu. Kumuona mama, akalia. Mukansanga akamufunika shuka vizuri, akamugeukia daktari wa kumupasua, akamuuliza anaitwa nani na alisomea wapi.