Tamasha la Wazee Bila Wazee

Edna ni mwalimu wa kwaya ya kanisa letu hapa Masuguru, mjini Korogwe. Mwaka huu aliamua kwamba kila tamasha liwe na mada moja na nyimbo zote ziifuate. Kwaya ilikuwa imezoea kuchanganya: wimbo wa arusi, wa msiba, kisha wa Krismasi, mradi kinanda kilie.

Mada ya kwanza ilikuwa wazee waliokata mkonge. Baba yake, mzee Laurenti, ndiye aliyeianzisha kwaya hiyo katika kambi ya wakata mkonge, na sasa masikio yake yanaziba. Edna alitaka azisikie nyimbo zake zikiimbwa na wajukuu kabla hajaacha kusikia kabisa.

Mazoezi yalikuwa ugomvi mtupu.

"Mwalimu, nyimbo hizi hazina hata staili," alilalamika Hilaria wa sauti ya kwanza. "Tutachezaje?"

"Utasimama wima, mama. Miguu yako haikualikwa."

Wakazishika hatimaye.

Siku yenyewe wazee waliletwa mapema, wengine kutoka Kabuku, wakaketishwa mbele. Mgeni rasmi hakuwapo. Edna akamfuata mwenyekiti wa kwaya, Deogratius.

"Mwenyekiti, tuanze. Wazee wanachoka."

"Bila mgeni rasmi? Unataka tuchekwe? Yuko njiani."

"Tangu asubuhi yuko njiani! Anatoka Dindira hapo juu au Ulaya?"

"Mwalimu, heshima."

"Heshima ya nani?"

Deogratius akageukia simu yake.

Turubai moja tuliyokuwa nayo ilifungwa juu ya meza kuu, ambayo ilikuwa tupu. Jua likawashukia wazee. Wa Kabuku wakaondoka na gari lililowaleta. Mzee Laurenti alivumilia zaidi, kisha akashika fimbo yake.

"Mwanangu, nimewasikia mkijaribu spika. Inanitosha."

Mgeni rasmi alipofika alipigiwa vigelegele. Kwaya iliimba kuliko siku zote, ikitazamana na viti vitupu. Naye mgeni akasimama kivulini, akaipongeza "kwa namna mnavyowaenzi wazee wetu." Makofi yakalia. Hakuna aliyeona aibu, na hilo ndilo linalonikera hadi leo. Tumemwachia mkubwa mmoja heshima yote ya watu wengi, halafu tunasema ndio utaratibu.

Chakula kilipoanza kugawiwa, Edna hakungoja sahani. Alikwenda nyumbani kwa baba yake akiwa bado na sare. Akamkuta kitandani, akainama upande wa sikio linalosikia kidogo, akamwimbia wimbo wa kwanza wa kambini, peke yake, hadi mwisho.

Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Umeshika vizuri," alisema. "Lakini huu una besi. Sauti ya nne iko wapi?"

"Inakula na mgeni rasmi, baba."